Kompasi haijui kuandika Moshi

Haya ni maneno niliyoongea kwenye mkutano wa mafundi mabango na madizaina hapa Moshi. Nimeyaandika karibu vile vile yalivyotoka, nimepunguza tu pale nilipokuwa nahangaika na projekta.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo. Naona mafundi wa brashi mmejibanza nyuma afu watoto wa kompyuta ndo wako mbele, sawa tu, ila mada ya leo inawahusu nyie wa nyuma kuliko hawa wa mbele wanavyodhani, kwahiyo wazee msisinzie. Waandaaji wameniambia niongelee ile kazi ya fonti, yaani seti nzima ya herufi zenye umbo la aina moja, tunayoifanya pale ofisini, wakanisihi nisitumie maneno magumu. Ntajitahidi.

Kuna fonti inaitwa Futura. Kama jina hulijui basi umbo unalijua, maana Volkswagen waliitumia miaka na miaka kwenye matangazo yao, na kile kibao cha chuma walichokiacha mwezini wale wa Apollo 11 mwaka 1969 kimeandikwa kwa herufi zake kubwa, kwahiyo ukitafuta fonti iliyosafiri mbali ni hiyo, imetoka nje ya dunia kabisa. O yake duara, A na V pembetatu, i na l ni mstari umesimama basi. Hamna mikia, hamna vimiguu, hamna maua. Ndo hiyo tunaifufua, yaani tunaichora upya kutoka kwenye karatasi za zamani, kwa ajili ya watu wanaoandika Kiswahili na kubandika mabango kwenye vumbi la huku kwetu.

Aliyeichora ni Mjerumani, Paul Renner, mzaliwa wa 1878, na wala hakuanza kama mtu wa fonti, alikuwa mchoraji picha na mpangaji wa vitabu. Mwaka 1924 mchapishaji mmoja, Jakob Hegner, alimtembelea, akaangalia anavyofanya kazi, akamwambia mtu kama wewe ndo angetuchorea herufi ya zama zetu hizi. Jamaa akaanza kuchora. Mwaka 1925 akaenda kufundisha chuo cha sanaa cha Frankfurt, na hapo hapo Frankfurt kulikuwa na kiwanda cha kusubu herufi za madini ya risasi za kuchapia, kiwanda cha Bauer, wakaichukua, ikaingia sokoni 1927.

Sasa Frankfurt ya miaka ile tukae nayo kidogo. Vita ya kwanza ishapita, nyumba hazitoshi, familia zimebanana kwenye vyumba. Mwaka 1925 mji ukamweka msanifu anaitwa Ernst May asimamie ujenzi wote, na yeye na timu yake kwa muda wa miaka mitano hivi wakashusha nyumba zaidi ya 10,000, mitaa mizima mipya pembezoni mwa mji, paa bapa, kuta hazina nakshi, madirisha yamefuatana kwenye mstari mmoja. Kuna mtaa mmoja nyumba zake zimepinda pinda kona kwa kona mpaka wenyeji wakaupa jina la utani la zigizaga. Jikoni nako hawakuacha, msanifu mwanamke, Margarete Schütte-Lihotzky, mwaka 1926 alichora jiko dogo ambalo kila hatua ya mpishi imepimwa, kabati liko wapi, sinki liko wapi, mkono unafika wapi, na yale makabati ya kisasa ya jikoni mnayoona watu wanafunga kwenye nyumba mpya za Soweto na Shanty Town hapa hapa Moshi ukoo wake unaanzia pale. Wakawa na gazeti lao kabisa la kuelezea mji mpya. Renner yuko katikati ya hiyo vurugu yote anachora herufi. Kwahiyo ukiangalia nyumba zao afu ukaangalia herufi yake huhitaji mtu akuelezee, ni wazo lile lile, toa pambo, bakiza umbo, na kiwanda kilipoitangaza Futura kiliitangaza kwamba ndiyo herufi ya wakati wetu.

Sa hivi nisikilizeni vizuri, maana hapa ndo watu huwa wanadhani natunga.

Ernst May alitoka Ujerumani mwaka 1930, akaenda Umoja wa Kisovyeti kupanga miji ya viwanda. Mambo kule yakawa magumu, na nyumbani Hitler kashika nchi 1933, na May ana asili ya Kiyahudi, kurudi hawezi. Mwaka 1934 akatua Tanganyika. Akawa mkulima. Wapi? Arusha, huko chini ya Meru, yule yule aliyejenga Frankfurt mpya yuko shambani. Mwaka 1937 akahamia Nairobi akafungua tena ofisi ya usanifu, vita ya pili ilipoanza Waingereza wakamweka kizuizini kwa vile ametoka Ujerumani, akatoka, akaendelea na kazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 likasimama jengo alilolichora yeye kwa ajili ya wakulima wa kahawa wa mlima huu, chama cha KNCU, kile kilichoanza 1933. Ndiyo, lile lile la hapo mjini. Nusu yenu leo mmepita mbele yake mkiwa kwenye boda mnakuja hapa, na mwingine kashuka pale kanywa kahawa.

(Hapa palikuwa na minong'ono, mzee mmoja akasema yeye kapaka rangi pale zamani. Tukampigia makofi.)

Sisemi maandishi ya lile jengo ni Futura, mtu asije akanilisha maneno. Wala sijui, sorry, wala sina haja ya kulazimisha undugu. Ila mtu akiniuliza kwanini chalii wa Moshi unahangaika na herufi ya Wajerumani ya miaka mia iliyopita, namwambia msanifu wa mji ambako hiyo herufi ilizaliwa kaacha kazi yake hapa mjini kwetu, tena nzuri, kwahiyo mi siazimi kitu kwa jirani nisiyemjua.

Na Renner mwenyewe yalimkuta, maana watu huwa wanadhani fonti ni mambo ya wapole. Mwaka 1932 alitoa kijitabu cha kuwapinga wale jamaa wa Hitler na siasa zao za sanaa, 1933 wakamkamata na ukuu wa shule ya uchapaji kule Munich ukaishia hapo. Haya, turudi kazini.

Kufufua fonti. Vijana wengi mkisikia hivyo mnafikiria unachukua picha, unaingiza Koreldro, ile programu ya kuchorea, unabonyeza ile ya kutresi yenyewe, yaani kufuatisha mistari, unasevu, tayari we ni dizaina wa fonti. Au mnafikiria hii ni fonti ya maumbo tu jamani, nikiwa na kompasi na rula namaliza kwa usiku mmoja. Hii ya pili ndo hatari zaidi kwa sababu inaonekana ina akili.

Fanyeni hivi mkifika nyumbani. Chukua karatasi kubwa, andika MOSHI. H ipe kimo cha sentimita 10. O ichore kwa kompasi, kipenyo sentimita 10 kamili, imeanza kwenye mstari wa chini imeishia kwenye mstari wa juu, hamna kupunguza hamna kuzidisha. Bandika ukutani rudi nyuma mpaka ukutane na mlango. O imekuwa fupi! Utasema umekosea kupima, utarudi na rula, utakuta vipimo viko sawa, tatizo ni jicho. Duara linagusa mstari kwenye nukta moja tu, H inagusa kwa upana wa mguu mzima, jicho linaona lile duara halijafika. Kwahiyo inabidi O uizidishe, milimita 1 hadi 2 juu na hivyo hivyo chini, ndo itaonekana iko sawa na wenzake. Kwenye kompyuta ukiwa na herufi ya kimo cha uniti 700, vile vipimo vidogo vya programu ya fonti, tunazungumzia uniti 10 mpaka 14. Kitu kidogo hivyo, ila usipokiweka neno zima linaonekana lina jino limezama.

Hatujamaliza MOSHI. Ule mstari wa katikati wa H, ukiupa unene sawa na miguu, utaonekana mnene kuliko miguu, sijui kwanini Mungu katuumba hivyo ila ndivyo ilivyo, vitu vilivyolala tunaviona vinene kuliko vilivyosimama. Unaupunguza. Afu S. Ukichora vitumbo viwili sawa, cha juu kinaonekana kikubwa kinataka kuangukia mbele, kwahiyo cha juu unakipunguza, na kama huamini chukua gazeti lolote ligeuze miguu juu uangalie S zake, utacheka. M kwenye Futura miguu yake imetanuka, haijasimama wima, na zile ncha zinavuka mstari kidogo kwa sababu ile ile ya O, ncha kali bila kuivusha inaonekana fupi. Kwahiyo kwenye neno la herufi tano, iliyobaki vile vile kama rula ilivyosema ni I peke yake.

Herufi ndogo ndo usiseme. Fungua d ya Futura ikuze ijae skrini nzima. Utaona lile duara linapokaribia kukutana na mguu linakonda, linakonda kabisa, maana mistari miwili minene ikikutana pale inafanya doa jeusi, na ukisoma ukurasa mzima unaona madoa badala ya maneno. Kompasi haikondeshi. Mtu ndo anakondesha.

Na hii ndo historia yenyewe ya Futura, siyo mimi nimeamua. Michoro ya kwanza ya Renner ilikuwa ya kompasi na rula kweli kweli, r ilikuwa kijiti na kidoti pembeni, n na m zilikuwa na kona za mraba, g ilikuwa duara limebebana na pembetatu, ukiangalia unasema huyu bwana alikuwa anatafuta ugomvi. Kati ya hapo na 1927 yeye na watu wa Bauer wakakaa wanajaribu, wanasubu, wanachapa, wanaangalia, wanarekebisha, na zile herufi za ajabu nyingi zikawekwa pembeni. Ile tunayoiita fonti ya kompasi imechukua miaka kwa ajili ya kuitoa kompasi ndani yake taratibu bila watu kugundua. Sasa we unakuja na kompasi tena unasema unafufua!

Kuna swali lingine watu hawaulizi. Unafufua Futura ipi? Zamani za herufi za risasi kila saizi ilikuwa inatengenezwa peke yake. Ya saizi ndogo ya kusomea kitabu ilikuwa imeachiwa hewa zaidi, pana kidogo, nafasi kati ya herufi kubwa, ya saizi kubwa ya bango ilikuwa imebana na imenyooka. Fonti nyingi za kompyuta ni mchoro mmoja unavutwa mkubwa unavutwa mdogo, ndo maana ukitumia kwenye maelezo ya dawa hayasomeki na ukitumia kwenye bango yameachana. Sisi tumefanyia kazi skani za vitabu vya sampuli vya wachapaji wa zamani, na kwenye skani ukizoom unakuta pembeni ya kila herufi kuna ukungu, ni wino umekanyagwa na mashine ukasambaa kwenye karatasi. Herufi inaishia wapi na wino unaanzia wapi? Ukifuata ukungu wote fonti inakuwa nene na imevimba kona. Ukiukata wote inakuwa kavu, inaumiza macho. Hapo hakuna programu ya kukusaidia, mnakaa wawili watatu mnabishana, anayeshinda ni yule aliyechapa vitu vingi maishani. Kwetu pale huwa anashinda mama mmoja wa uchapaji ambaye kompyuta hata hapendi kuigusa.

Na upana. Hili nalisema haraka. E, F, L na S za Futura ni nyembamba, karibu nusu ya mraba, O na G ndo zinakula nafasi nzima, na hiyo Renner kaichukua kwenye maandishi ya mawe ya Warumi. Vijana wanaotoa fonti za maumbo siku hizi wanazipa herufi zote upana mmoja, inatoka kitu kama pleti namba. Samahani kama nimekugusa.

Twende kwenye Kiswahili sasa, maana hapa hatuna wa kumnakili.

Andika Kilimanjaro kwa Futura, herufi ndogo baada ya K. Angalia mwanzo tu, i-l-i, vijiti vitatu vimepanga foleni, viwili vina nukta. Halafu j, ambayo kwa Renner ni kijiti tu kinachoshuka chini ya mstari, hakina hata ndoano. Vijiti vikikaa pamoja vinahitaji kupewa hewa, maduara yakikaa pamoja yanahitaji kusogezwa, kwahiyo ile ili ya mwanzo na ile ro ya mwisho haziwezi kupewa nafasi sawa, na mtu akiacha kompyuta ijipangie, neno linaanza limesongamana linaisha limemwagika. Basi kuna dalali wa viwanja wa Arusha alituletea kazi, anataka bango la Ilboru. I kubwa na l ndogo. Futura ina hiki kitu kizuri kwamba l yake ni ndefu kuliko herufi kubwa, inachungulia juu, ila ukiwa barabarani nani anaona hicho kichungulio? Unaona vijiti viwili afu boru. Tukampa l yenye mkunjo mdogo chini, na mkunjo huo sasa umo kwenye fonti kama herufi mbadala, na j nayo tumeipa ndoano fupi, kwa sababu jamani sisi tuna njia, mjini, jengo, Jumatatu, mjomba, j kwetu siyo mgeni wa mara moja moja kama kwa wenzetu.

Na w. Futura ina w yenye ncha kali na pana. Kwa Kijerumani sawa. Weka mwananchi, weka wanywaji, weka kwa wakwe, mstari mzima ni misumeno. Tumeipunguza upana kidogo, nafikiri Renner angekuwa anasoma Kiswahili angeipunguza mwenyewe.

Halafu ng'ombe. Hii inaniuma kweli. Fonti karibu zote za nje hawajawahi kufikiria ile alama ya juu ikae katikati ya g na o. Wameipangia kwa maneno ya kwao. Kwahiyo kwetu inaacha shimo, ng' imekaa huku ombe limekaa kule, ng'ambo imekatika, king'amuzi kimevunjika mara mbili. Ni kazi ya kusogeza tu, unaingia kwenye jedwali la nafasi unaipanga g na hiyo alama, unaipanga hiyo alama na a, na e, na o, na i, na u. Ni jioni moja. Ila mpaka mtu anayeandika ng'ombe akae mwenyewe kwenye kiti haitafanyika.

Sasa a. A ndogo ya Futura ni duara na kijiti kulia kwake. Ukiwa mbali, au rangi imepauka, au vumbi limekaa, kijiti kinapotea, inabaki o. Na Kiswahili kimejaa a kila kona, neno likianza likiisha. Chama inakuwa choma. Taka inakuwa toka. Kinyume chake pia, rangi ikichuruzika pembeni ya o inakuwa a, na mi nimeona kwa macho yangu bango la dawa za asili njia ya kwenda Marangu limeandikwa inaponya, ukiwa ndani ya haisi inayokimbia unasoma inapanya. Nani atanunua dawa inayopanya?

Njia ya kutoka ipo na haijatoka hewani. Mwaka ule ule 1927 Mjerumani mwingine, Rudolf Koch, alitoa fonti yake ya maumbo, Kabel, na a yake ni ya ghorofa mbili, ina kichwa kimejikunja juu na tumbo chini, kama hii mnayoiona kwenye magazeti. Haiwezi kuchanganyika na o hata ulewe. Kwahiyo na sisi tumechora a ya ghorofa, iko ndani, unachagua. Ugomvi uliopo ofisini ni ipi iwe ya kawaida na ipi iwe mbadala. Kuna wanaosema ukiweka a ya ghorofa hiyo siyo Futura tena, umefufua mwingine. Mi nasema Renner mwenyewe alianza na herufi mbadala kibao, hajawahi kuwa na moja takatifu, na sisi tunaandikia mtu aliyeko dirishani kwenye haisi. Ntarudi hapo.

Mafundi stika, hii ni yenu. Futura ya kawaida A, M, N na V zina ncha kali. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye plota, ile mashine ya kukatia stika, kisu kinakata ile ncha vizuri, unabandika kwenye kioo cha haisi, jua la wiki mbili tatu ncha inaanza kunyanyuka, vumbi linaingia chini, mosha magari anapita na mpira wa presha, M kwaheri. Na fundi brashi anajua, ncha kali ya rangi ya mafuta haikai, inajikusanya inakuwa kitone. Kwahiyo ncha zote tumezikata kidogo, bapa, na wala siyo uzushi, Futura nzito yenyewe ncha zake zimekatwa. Dizaina mmoja wa flexi, yale mabango ya turubai ya kuchapwa, alinijia juu kwamba nimeharibu. Sawa, we flexi yako haibanduki ncha, inachanika yote.

Niseme kuhusu kuta halafu nimalize. Wenzetu kuna walioenda mitaani moja kwa moja. Mchora fonti wa Marekani, Tobias Frere-Jones, mwaka 2000 alichora fonti ya Gotham akitokea kwenye herufi za majengo ya New York, hasa zile za kituo kikuu cha mabasi cha Port Authority, herufi zilizochorwa na watu wa ramani na uhandisi, siyo wasanii, na mwaka 2008 kampeni ya Obama ikaibeba dunia nzima ikaiona. Julieta Ulanovsky wa Buenos Aires akaona mabango ya zamani ya mtaa wake wa Montserrat yanapotea, akachora fonti akaipa jina la mtaa, akaiachia bure kwa leseni huria. Hiyo Montserrat nyie mnaitumia kila wikiendi kwenye kadi za sendofu na kichen pati, hamna habari kwamba mmealika watu kwa herufi za mtaa wa Argentina.

Moshi tunazo. Maduka ya zamani katikati ya mji, angalia juu, kile kikuta cha mbele kinachoficha paa, kimepanda kwa ngazi ngazi, kina jina la mwenye duka na mwaka, herufi za sementi zimeinuka kutoka kwenye lipu. Fundi lipu alizichonga na mwiko wakati sementi haijashika. Kuna moja nimeipiga picha, O yake imevuka mstari juu na chini, kidogo tu, ile ile ninayowaambia. Hakufundishwa na Bauer. Alishuka kwenye jukwaa, akarudi nyuma barabarani, akaangalia, akapanda akaongeza. Wazee wa brashi na nyie mnafanya hivyo kila siku, ndo maana nimesema mada ni yenu.

Sasa zinafunikwa na alukobondi, yale mabamba ya alumini, au zinapigwa nyundo, na mwenye jengo ana haki yake, siwezi kumlaumu anataka duka ling'ae. Ila kabla hajafunika, piga picha. Usipigie chini ukiwa umeinua simu, herufi zitabana juu na kutanuka chini hazifai kwa kazi, omba kupanda ghorofa ya jengo la ng'ambo ya barabara, piga ukiwa usawa wake, na kama unaweza mtu ashike futi kamba pembeni ili tujue kimo. Omba ruhusa kwa mwenye duka, ukisalimia vizuri huwa hawakatai. Hizo hatuzichanganyi na hii ya Renner, ni kazi yake peke yake, ya baadaye.

Mtu kaniuliza mlangoni kuhusu kushtakiwa. Jina Futura lina mwenyewe, hatulitumii, yetu itakuwa na jina lake, msiniulize lipi maana hapo nako tumegombana. Na hatujafungua faili la mtu tukabadilisha jina, hiyo ni wizi hata kama umeongeza ncha bapa, faili la fonti ni programu na ina mwenyewe. Tumechora kutoka kwenye karatasi iliyochapwa, nukta kwa nukta. Ikiisha inatoka kwa leseni huria, unaweka kwenye bango unakula pesa yako hakuna atakayekudai.

Bado haijaisha. Namba hazijakamilika, na kwa biashara za hapa namba ni nusu ya bango, bei na simu, 1 na 7 zisichanganyike, 6 na 8 zisijazane rangi. Alama ya shilingi mbili hizi, /= , mi sijaona fonti ya nje iliyozichora zikakaa pamoja, tunaichora kama kitu kimoja.

Na a. Pale mezani kuna karatasi mbili zimechapwa sawa sawa, moja ina a ya duara, moja ina a ya ghorofa, maneno ni yale yale, chama, choma, taka, toka, inaponya. Tutazibandika kwenye ukuta wa geti. Mtoke mwende mpaka upande wa pili wa barabara msome kwa sauti, wazee wa brashi kwanza, halafu kila mtu aandike kwenye kikaratasi amesoma nini, siyo amependa ipi, amesoma nini. Kalamu ziko kwenye ile ndoo ndogo, ni za kuazima ofisi ya jirani, naomba zirudi.